Kadi ya Sauti Iliyonyofolewa

Mama mkwe ndiye aliyemkuta asubuhi. Mke wa mwanawe mkubwa, aliyekuwa akirekodi vitabu kwa ajili ya wasioona, alikuwa amelala chini kando ya meza, shingoni ana alama za vidole. Kompyuta ilikuwa wazi ubavuni, kadi ya sauti imenyofolewa.

Inspekta alipofika, mama mkwe alimwonyesha chumba kwa kidole tu. Mwanawe mdogo, shemeji wa marehemu, ndiye aliyesema.

"Afande, mtu wenu ni fundi wa kompyuta. Jana alishinda humu. Bisibisi yake ile pale mezani."

Fundi aliletwa, akaitazama bisibisi. "Niliisahau nilipomaliza kufunga kadi mpya. Haki ya Mungu sijamgusa dada wa watu!"

"Kadi ina thamani gani?"

"Hata mwizi wa kuku hajisumbui nayo."

"Sasa nani aichukue?"

"Si alikuwa anarekodi?" shemeji alidakia. "Huyu fundi kaogopa sauti yake itasikika."

Inspekta aliinamia kompyuta. Kadi hupitisha sauti tu. Sauti yenyewe hukaa kwenye diski. Fundi asingekosea hapo. Aliyeichukua hakujua.

"Fundi, una kadi nyingine?"

"Ipo ya zamani kwenye begi."

Fundi aliipachika, akakaza skrubu, akachomeka spika. Diski ilikuwa salama. Sauti ya marehemu ikajaa chumbani, ikisoma kwa utulivu. Kisha, humo kwenye rekodi, mlango ukagongwa.

"Shemeji, nimeiona michubuko ya mama. Kesho kaka yako akirudi namwambia unavyompiga."

"Thubutu!"

Kiti kikaanguka. Kisha mkoromo. Mama mkwe akaziba masikio.

Shemeji aliruka mlangoni, akadakwa na askari. Kadi ilikuwa mfukoni mwake.

"Kaka angenifukuza!" alipiga kelele. "Nilitaka anyamaze tu! Mama, waambie!"

Mama hakuinua uso.

Gari la polisi lilipoondoka, mama mkwe alimshika Inspekta mkono.

"Amekwenda kweli, Afande, yule mwanangu?"

"Amekwenda, mama."

"Jana nilisikia yote. Mkwe wangu alikuwa ananitetea mimi. Nikaogopa, nikajifunika shuka hadi kichwani."

 Inspekta akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Hebu angalia," mama alinong'ona. "Mlango umefungwa?"