Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Mara ya tatu fundi alipoitwa kwenye nyumba ile, aliikuta mashine ya kufulia imeuacha ukuta na kusimama katikati ya chumba, imeelekea mlangoni kama mtu anayetaka kutoka.

Si kwamba hakuiweka sawa. Mara mbili alikuwa ameilaza pimamaji juu yake, akaizungusha miguu yake mmoja mmoja kwa spana mpaka kiputo kikatulia katikati, akakaza nati, kisha akaisukuma kwa mikono yote miwili na isitikisike. Miaka kumi na tisa ya kazi, hakuwahi kurudishwa mara tatu kwa mashine moja. Mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuulizia fundi mwingine, na hilo alilisema makusudi ili lisikike.

Mkewe alingoja mumewe atoke. Kisha akamwambia fundi, kwa sauti ya chini, kwamba mashine haikuwa ikifua ilipotembea. Ilikuwa imechomolewa kwenye umeme tangu jana.

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana mwoga, akairudisha ukutani. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umelegea tena. Mitatu mingine ilikuwa vilevile alivyoiacha. Akalala kifudifudi.

Pale sakafuni palinuka, si sabuni wala maji machafu, bali mafuta ya kuchulia, yale wanayopakwa wagonjwa. Akapenyeza mkono chini ya mashine, akaipapasa nati, akaanza kuikaza, na nati ikawa nyepesi, ikazunguka kuliko alivyoizungusha, hata akadhani imeliwa meno, mpaka alipohisi vidole, vya baridi na unyevunyevu kama nguo iliyosahauliwa ndani ya mashine, vimeishika nati upande wa pili na vinamsaidia, taratibu, kwa upole, kisha vikaiacha vikahamia kwenye kiganja chake, vikaanza kukisugua, kidole baada ya kidole, kama anavyosuguliwa mgonjwa.

Alipojichomoa alijifuta kiganja kwenye suruali. Aliuliza tu chumba hiki kilikuwa cha nani.

"Cha mama mkwe," mke akajibu. "Kitanda chake kilikuwa hapo ulipolala. Miaka miwili hakuinuka. Alikuwa akisema kuna mtu anamchua miguu. Tulidhani ni homa."

"Na kitanda kiko wapi?"

"Mume wangu alikichoma siku ya pili baada ya mazishi. Nilimwomba asubiri kidogo."

Kesho yake alasiri akaletwa mganga, mama mfupi mwenye miwani. Aliamuru mashine itolewe, akaketi sakafuni, akazungumza na kona ile kwa adabu, kama anayempa mtu pole. Harufu ya mafuta ikapanda mpaka machozi yakawatoka, kisha ikakatika ghafla. Mganga akamwita mwenye nyumba aje aombe radhi kwa ajili ya kitanda. Yule bwana, aliyekuwa ameegemea mlango akitabasamu, akasema hawezi kumwomba radhi mtu asiyemwona, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mganga akaanza kufungasha vitu vyake.

"Huyu anayechua hakuwa na habari kwamba mgonjwa wake amefariki," akasema. "Nimemweleza. Akaniuliza mwana wa marehemu ni yupi."

Mashine ikahamishiwa jikoni, ikafua siku nne bila kutikisika. Siku ya tano mke akampigia fundi simu, akamwomba aje, spana aziache.

Ilikuwa saa sita mchana. Mume alikuwa amelala chali kwenye sakafu tupu ya chumba kile, macho wazi. Mke akanong'ona kwamba yeye na jirani wamemhamishia kitandani mara tatu, na kila wakigeuka wanamkuta hapa, ilhali miguu yake imekufa ganzi na hawezi hata kusimama.

Fundi akachuchumaa amjulie hali. Mume hakumtazama. Kisigino chake kimoja kilikuwa kimeinuka kutoka sakafuni, kiasi cha upana wa vidole viwili, hakikuegemea kitu, na ngozi ya wayo ilikuwa ikibonyea na kuachiwa, ikibonyea na kuachiwa, inang'aa kwa mafuta.