Alijua Nililala Wapi Firenze, Akanikana!

Nina miaka ishirini na tisa. Sina mume, sina mtoto, na bado naishi kwa wazazi wangu hapa Okolona, kusini mwa Louisville, Marekani, nikifanya kazi ya kufungasha mizigo ghalani. Ni Mrundi niliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Niiteni Goreti, hilo linatosha. Yaliyonikuta yalinikuta kwa sababu ya kitanda. Kitanda tu, ndugu zangu... tena cha kupanga!

Kambini, kwenye zahanati, kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha za miji ya Italia. Kila nikipelekwa kupimwa malaria, macho yangu yalikuwa pale, kwenye kanisa moja lenye kuba kubwa jekundu. Mama ananivuta mkono tuondoke, mimi nang'ang'ania. Nilijiapiza kwamba siku moja nitasimama mbele ya kanisa lile. Cheka ukitaka. Mtoto anayekula mahindi ya mgao anaota Italia!

Tukaletwa Marekani, miaka ikapita, nikapata uraia na pasipoti. Ndoto ile haikuwahi kuniacha.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Faustin, Mkongo wa Uvira, alikuwa anaishi Whitehall, kule Columbus, jimbo la jirani, kwa baba yake mdogo aliyemlea, Papa Zabuloni. Tulijuana kwenye mkutano wa kwaya. Mpole, mcheshi, anajua kubembeleza... nilimpenda, siwezi kusema uongo. Posa ilikuwa imeshapokelewa, yakabaki mahari na harusi. Nikamwambia kwamba kabla sijawa mke wa mtu nataka nikaione Italia. Yeye hakuwa na pasipoti bado, hivyo hakuweza kufuatana nami. Akasema niende, atanisubiri.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Tulikaa kwenye kochi la Papa Zabuloni, mimi na Faustin, tukitafuta hosteli kwenye simu yangu. Roma na Venisi tulipata mabweni ya wanawake. Firenze yalikuwa yamejaa yote. Kilichobaki ni kitanda kwenye bweni la mchanganyiko, wanaume na wanawake chumba kimoja. Nikasita. Faustin akacheka, akanipokonya simu.

"Si ni bitanda tu?" akasema. "Ku transit tulilala famille ngapi mu hangar moja? Banaume, banamuke, batoto. Kuko mutu alisema kitu?"

Ni kweli. Sisi sote tuliolala kwenye vituo vya kungojea ndege ya kuja huku tulilala hivyo, vitanda vimepangwa mstari, kila mtu na kifurushi chake. Hakuna aliyeona aibu. Basi Faustin akabonyeza mwenyewe. Kidole chake, si changu!

Nikaondoka mwezi wa sita, peke yangu, begi mgongoni. Baba hakufurahi, ila alisema kama mchumba amekubali, yeye hana neno.

Roma ilinitisha kwa uzuri, na ikaniumiza kwa upweke. Kila mtu alikuwa na mtu wake. Nilikula mkate nimekaa kwenye ngazi za kanisa, nikawa natafuta wa kumwambia "ona lile!", simwoni. Nilikuwa nazungumza na Faustin kwenye simu kama kichaa, nikimtumia picha za kila kitu, hata za njiwa.

Firenze ndiko nilikocheka. Nilifika mbele ya lile kuba la kalenda nikalia hadi watalii wakanisogelea kuuliza kama naumwa. Jioni, bwenini, nikawakuta Paloma, nesi kutoka Chile, na kaka yake Matías, na msichana mmoja Mkorea aliyekuwa anasafiri peke yake kama mimi. Mimi nililala kitanda cha chini cha dabo deka, Matías juu yangu. Kijana mstaarabu, kila akitaka kushuka ananiomba radhi.

Siku ya pili niliona dukani unga wa mahindi wa njano. Moyo uliruka! Nikasonga ugali mgumu, nikaunga maharage na nyanya. Jiko la hosteli likawa linafungwa ili lisafishwe, basi tukabeba sahani, tukala bwenini tumekaa vitandani. Nikawafundisha kumega tonge kwa mkono. Matías alikaa kitandani kwake juu, miguu inaning'inia, mdomo umejaa. Mkorea akapiga picha. Ni picha niliyocheka kuliko zote maishani mwangu. Nikamtumia Faustin, na nyingine nyingi za siku hiyo.

Faustin kwa furaha yake akazibeba zote, akazimwaga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao. Mchumba wangu yuko Italia! Na ile ya vitandani ikiwemo.

Nilifika Venisi simu ikiwa kimya. Namwandikia, hajibu. Nampigia, haipokelewi. Nilizunguka kwenye vichochoro vile vya maji nikipotea na kurudi palepale, na sikuona chochote cha maana. Nilidhani anaumwa. Nilimwombea! Jamani, nilipiga magoti hostelini nikimwombea.

Niliporudi, Faustin aliniambia kwa ufupi tu kwamba wazee wake watakuja Jumamosi. Mimi na mama tukajua ni mahari. Mama aliita wanawake wa kanisa, wakapika tangu asubuhi, wali, ndizi, nyama ya mbuzi, na sombe, kisamvu kile, kwa ajili ya Wakongo. Mimi nikavaa mshanana wangu, vazi letu la sherehe.

Wakaja wanaume peke yao, magari mawili kutoka Columbus. Hakuna aliyegusa chakula, hata maji hawakunywa. Hapo mama alinitazama, na mimi nikajua hawakuja kwa mahari.

Kwetu siku ya wakwe binti hasemi. Anayesema ni mshenga. Binti anakaa pembeni ameinamisha macho, hata akisemwa vipi. Mshenga wetu, Mzee Leonida, akawakaribisha vizuri. Papa Zabuloni akasimama, akanyanyua simu yenye picha ile.

"Bon. Sisi hatuna mubaya na hii famille," akasema. "Tunauliza tu. Mwanamuke mwenye dot yake, mahari yake, iko njiani, anafanya nini mu chumba moja na banaume? Uyu ni nani anakaa yulu ya kitanda yake?"

Mzee Leonida hakuwa na habari ya hosteli. Akasema pengine ni chumba cha kulia. Watu wakaguna. Baba yangu alikuwa anatazama sakafu. Ndipo Papa Zabuloni akamgeukia Faustin.

"Mutoto yangu, wewe uliyua atalala kule?"

Nikapumua. Nilijua imekwisha. Neno moja tu, "niliyua", na aibu yote ingeondoka pale sebuleni. Nilivunja adabu, nikainua macho nikamtazama.

"Apana, Papa. Sikuyua."

Sauti yenyewe haikutetemeka. Nilitaka kupiga kelele! Nilitaka kusema ni yeye, ni yeye aliyebonyeza, kwenye kochi lako wewe Papa! Lakini mila ni mila. Binti hasemi... na mimi sikusema. Wakasimama, wakaaga kwa heshima, magari yakaondoka, na posa ikaishia hapo. Chakula kile tuliwagawia majirani.

Nilimweleza baba ukweli wote baadaye. Aliniamini. Ila alisema hawezi kwenda Columbus kubishana neno la binti na neno la mwanamume aliyelitamka mbele ya wazee. Habari zikafika kanisani kabla yangu. Akina dada niliokuwa nakaa nao kwenye kwaya wakawa wananisalimia kwa mbali, na wenye mabinti wakubwa hawakutaka waonekane na mimi. Hakuna aliyenitukana. Walisogea tu.

Majira ya baridi Faustin akanipigia. Alikuwa amehamia Cheektowaga, kando ya Buffalo, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Alilia. Alisema hali, halali, anaomba niende tuzungumze. Nikaenda! Ndiyo, nilienda, mniseme mnavyotaka. Moyo hauambiwi.

Alinipokea vizuri, akanipikia chai ya maziwa. Nje theluji ilikuwa imefunika magari. Akasema, "Goreti, tuoane tu ku mairie, ku bureau ya serikali, polepole. Huku batu ya Columbus habatuone. Nyuma ya siku kidogo, batazoea."

Nikamwambia nimekubali, ila nina ombi moja. Ampigie Papa Zabuloni saa hii hii, mbele yangu, aseme kwamba alijua, kwamba kitanda kile alikichagua yeye. Basi. Sitaki kingine.

Akachukua simu. Nikaona jina la baba yake mdogo pale kwenye kioo. Kidole kikakaa juu yake... kikakaa... Kisha akailaza simu mezani, kioo kikiwa chini.

"Kunywa kwanza chai," akasema. "Inapoa."

Nilivaa koti langu. Hakunizuia.

Wasomaji wenzangu, sijutii Italia. Hata leo nikiambiwa niende nitaenda, na nitalala bweni lolote lenye nafasi. Ninachojutia ni kule kungojea mtu mwingine anisemee. Wasichana, tafadhalini! Mtu akikupenda pale mnapokaa wawili kwenye kochi, hujamjua bado. Mtazame siku wazee wake wamemkazia macho. Na ukiona anameza ukweli unaokuhusu, simama useme mwenyewe, hata kama mila inakutaka ukae. Watasema huna adabu. Mimi nilikuwa na adabu, imenisaidia nini?

Na nyinyi mama zangu wa kanisani, mnaosoma hapa, maana najua mnasoma. Jumapili mimi nakaa benchi la mwisho, na pembeni yangu hakuna mtu. Sihitaji mniombee, wala msiniulize nililala wapi. Njooni mkae.