Nilimfundisha Kutazama Visigino Vyangu

Siku ya mbio, uwanjani walikuwepo wadogo zangu wawili, Mutuma na Kendi. Alikuwepo Mama Guyo, muuza maziwa ya ngamia, ambaye ndiye mwajiri wangu. Alikuwepo kaka yake, Mzee Galgalo, aliyekuwa amefika kutoka Sericho, na binti wa mzee huyo, Talaso. Alikuwepo mwalimu wa michezo kutoka shule moja ya bweni, saa mkononi. Na mimi, Kawira. Wote waliona kwa macho yao kilichotokea.

Nina umri wa miaka ishirini na sita na ninaishi Chechelesi, hapa Isiolo. Baba alitangulia kufariki, mama akamfuata nikiwa darasa la saba. Niliacha shule wiki hiyo hiyo kwa sababu wadogo zangu walihitaji mtu wa kuwapikia. Sisemi hayo ili nihurumiwe... ndivyo ilivyokuwa tu.

Aliyetushika mkono ni Mama Guyo. Alinipa kazi ya kuosha mitungi ya maziwa na kuifukiza kwa moshi, na kila jioni alitupatia maziwa ya kunywa. Mimi ni Mmeru na Mkristo, yeye ni Mborana na Mwislamu. Hakuwahi kunikumbusha alichonitendea, hata siku tulizokosana.

Kitu changu peke yangu kilikuwa mbio za alfajiri. Kwa hiyo Talaso alipoletwa kuishi na shangazi yake ili asome, Mama Guyo aliniita akicheka. "Kawira, huyu mtoto ana miguu ya swala na kichwa cha mbuzi. Miguu nakuachia wewe."

Na kweli alikuwa na mbio! Lakini alikulia Sericho akifukuza mbuzi waliopotea. Kukiwa na kitu mbele yake, hakamatiki. Akiwa mbele peke yake, anapunguza mwendo na kugeuka nyuma, kama mchungaji aliyesahau mifugo.

Mwalimu mzuri angemzoesha kukimbia peke yake, taratibu. Mimi nilipita njia ya mkato... nikawa mbuzi wake! "Tazama visigino vyangu," nilimwambia. "Usiviache." Miaka miwili hakuviacha.

Kisha niliteleza nikiwa nimebeba mitungi, mshipa wa kisigino cha kulia ukajeruhiwa. Daktari alinikataza kukimbia mpaka mvua ndefu ziishe. Alisema mshipa umechanika kidogo, na nikiulazimisha utakatika kabisa.

Wakati huo huo Mzee Galgalo akafika. Sericho kulikuwa kumekauka, ngamia walipelekwa mbali kutafuta maji, na alitaka binti yake arudi kusaidia. Mama Guyo alimsihi sana. Mwishowe walikubaliana hivi: mwalimu wa shule ya bweni alikuwa anakuja kuchagua wasichana watatu wa kusomeshwa bure kwa sababu ya mbio. Talaso akiwa miongoni mwao, anabaki kusoma. Akikosa, anaondoka na baba yake.

Nilijaribu kumfundisha nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Alikimbia kama mtu aliyepotea njia. Vijana wa bodaboda walituona.

"Kocha, siku hizi unakimbia ukiwa umekaa?" mmoja alipiga kelele. "Panda tukubebe, wewe ushike saa!"

Talaso hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Abaye," alisema, maana ndivyo anavyoniita, yaani dada, "bila wewe mbele miguu inakataa."

Ningefanya nini? Nilifunga kisigino kwa kitambaa, nikavaa soksi mbili, nikarudi barabarani. Kendi alinifichia viatu chini ya kitanda, nikamfokea. Mutuma aliniuliza, "Ukivunjika, nani atatupikia?" Nikamwambia aache maneno ya wazee. Na sitawadanganya, wasomaji wenzangu... sikurudi kwa ajili ya Talaso tu. Nilikuwa na hamu ya kukimbia. Hamu kama njaa!

Siku ilipofika, mwalimu aliniruhusu nikimbie. "Lakini wewe mama umri umepita, sitakuhesabu," alisema. Nikamjibu sawa. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Ningemwongoza mpaka kona ya mwisho, kisha nimpishe. Mama Guyo angesimama kwenye mstari wa mwisho na leso yake nyekundu, ili Talaso awe na kitu cha kukimbilia.

Tulikuwa mbele ya wote. Nilisikia pumzi yake mgongoni. Kona ikaonekana, leso ikaonekana... na mshipa ukakatika! Ulilia kama kamba ya ndoo inapokatika kisimani. Nikaanguka.

Talaso aliniruka, akaenda hatua chache. Kisha akasimama. Akageuka.

"Kimbia!" nilipiga kelele. "Talaso, kimbia!"

Alirudi. Akachuchumaa, akaweka mguu wangu kwenye mapaja yake. Msichana wa kwanza akatupita, wa pili, wa tatu.

"Nenda, nakuomba!"

"Siendi, Abaye. Kwetu aliyeanguka haachwi."

Kundi zima likapita. Sikulia. Nakumbuka vumbi mdomoni, na kamba ya kiatu chake iliyofunguka. Nilitaka kuifunga. Mkono haukuinuka.

Mzee Galgalo alikuja akatusimamia. Nilingoja matusi. Angenitukana ningepata nafuu! Lakini uso wake ulikuwa na furaha. "Hakumwacha mtu," alimwambia dada yake. "Binti yangu amelelewa." Mama Guyo aliikunja leso yake nyekundu. Ungembishia nini baba anayejivunia mtoto wake?

Lori la Sericho liliondoka Jumatatu. Talaso alikaa juu ya magunia, akitazama tulikokuwa.

Sasa mguu wangu uko kwenye plasta. Mutuma anaosha mitungi, Kendi anapika. Maziwa ya jioni bado yanaletwa, na Mama Guyo hajaniambia neno lolote baya. Nakaa mlangoni. Sisikii uchungu, sisikii chochote.

Ndugu zangu, ninyi mnaolea wadogo zenu bila wazazi, daktari akisema pumzika, pumzikeni! Mguu huo si wenu peke yenu. Na mnaofundisha watoto, msiwafundishe kutazama visigino vyenu. Waonyesheni njia, kisha mkae pembeni, hata kama moyo unataka kukimbia.

Watu wananiambia mtoto aliamua mwenyewe. Labda. Lakini alikimbia nyuma yangu miaka miwili, na siku ya kunipita alirudi. Plasta ikitolewa ni zamu yangu kumfuata mpaka Sericho, nikae mbele ya baba yake, nimwombe amrudishe shuleni. Sijui atanijibu nini. Mguu bado haujapona, na deni la Talaso bado liko palepale.