Kilichofungwa Chini ya Feni

Kompyuta ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, lakini Winifrida alipoigusa saa saba mchana aliondoa mkono haraka. Ilikuwa inaunguza kama pasi.

Alikuwa ameinunua mwezi uliopita kwa mwanamke aliyekuwa anahama kutoka mtaa wa pili, hapo hapo Mchafukoge. Aliitumia kwa kazi yake ya kutafsiri, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na Vicky, binti yake wa miaka sita. Akaizungushia kitenge, akaipeleka Kariakoo kwa fundi Anselmi.

"Vumbi tu hili, dada," Anselmi alisema. Akaifungua, akasafisha feni, akapaka dawa mpya ya kupooza joto. Ilipowashwa tena ilikuwa ya baridi kabisa.

Alasiri ile ile Vicky aliacha kucheza, akajilaza kwenye vigae.

"Mama, nasikia joto."

Zahanati walipima malaria, hawakuona kitu. Dawa ya homa haikusaidia. Kesho yake kipimajoto kilivuka arobaini na moja, chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua, na kila kitambaa kibichi Winifrida alichomwekea mtoto kwenye paji la uso kilikauka kabla hajarudi kutoka bombani na kingine. Akainamisha sikio kifuani kwa mwanawe. Ndani yake, nyuma ya mapigo ya moyo, feni ilikuwa inazunguka, inakwaruza.

Akampigia fundi simu.

"Anselmi, ulitoa nini kwenye ile kompyuta?"

"Vumbi, dada."

"Mwanangu anakufa."

Fundi akashusha sauti. "Kulikuwa na kikaratasi chini ya feni. Kimeandikwa Kiarabu, kimefungwa kwa uzi mweusi. Nilidhani kinaziba hewa, nikakitupa. Gari la taka limeshapita."

Ummy, jirani wa mlango wa pili, alisikia kilio. Hakuuliza mengi, akaenda kumleta shangazi yake, Bi Kijakazi, aliyekuwa akisomea watu wenye majini. Winifrida alimpokea rozari ikiwa bado shingoni.

"Shikamoo bibi. Nisaidie."

"Marahaba, mwanangu. Funga madirisha."

Bi Kijakazi akafukiza ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ile kifuani ilivyozidi kuvuma, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na jasho likawatiririka wanawake wote watatu, lakini si mtoto, ambaye ngozi yake ilikuwa kavu kama karatasi na midomo yake ilikuwa inapasuka, ikapasuka tena, kisha ikafunguka ikatoa sauti nzito ya mwanamume.

"Mlinifungia kwenye kisanduku. Sirudi. Nataka mtu."

"Msimjibu," Bi Kijakazi alinong'ona. "Hata neno moja. Nikimaliza kisomo atatoka mwenyewe."

"Utamaliza saa ngapi, bibi?"

"Magharibi."

Ilikuwa saa tisa. Winifrida akamtazama mwanawe: macho yamegeuka juu, pumzi zinakatika, shuka linaanza kubadilika rangi chini ya mgongo wake, na akajua, kama mama anavyojua, kwamba mtoto huyu hataiona magharibi. Akapiga magoti.

"Njoo kwangu," akasema. "Mwache yeye. Njoo kwangu."

Chetezo kilimponyoka Bi Kijakazi mkononi.

"Umesema nini wewe?"

Feni ikanyamaza. Jasho likamtoka Vicky usoni, akakohoa, akaomba maji. Ummy akaanza kulia kwa furaha, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Bi Kijakazi peke yake hakumtazama mtoto. Alikuwa anamtazama mama.

Winifrida akamnyanyua mwanawe, akamkumbatia.

Vicky akapiga ukelele. "Mama, niache! Unaniunguza!"

Kwenye mkono wake mdogo zilikuwa zimebaki alama za vidole vitano, nyekundu, zimeanza kutoa malengelenge.

Hadi leo Vicky anaogeshwa na Ummy, anasukwa na Ummy. Mama yake hukaa mlangoni akiangalia, mikono ameificha kwapani.