Jina la Garazi Kwenye Mteremko

"Uko wapi?"

"Kazini, mpenzi. Jikoni. Leo wateja wamefurika."

Garazi akaiondoa simu sikioni, akaitazama kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosema uongo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko hilohilo. Ndani hapakuwa na mteja hata wa dawa. Palikuwa na mapipa ya mvinyo wa tufaha, meza tupu, na Bi Edurne, mwenye mgahawa, akimenya vitunguu peke yake.

"Haya, kazi njema," Garazi akasema, akakata simu.

"Mwanangu, Oihan sijamwona tangu Jumatatu," Bi Edurne alisema. "Kaniaga kwamba anakuuguza wewe."

"Na mimi kaniambia yuko kwako."

Bi Edurne akakiweka kisu chini.

Garazi alikuwa na mkono mmoja kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Wiki tatu nyuma, kwenye mashindano ya baiskeli ya Mlima Otsabide, alifika kileleni peke yake, wenzake amewaacha mbali. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akateremka. Kwenye Kona ya Msalaba gurudumu la mbele likatoka chini yake kama sabuni, akaruka, akaupiga ukuta wa mawe kwa bega. Mtulinga ukavunjika vipande, daktari akauunga kwa chuma.

Mfupa ulikuwa unapona. Kilichovunjika hasa kilikuwa kingine. Tangu utotoni alijulikana kwa kushuka. Wengine walisali kileleni, yeye alicheka. Sasa kila akifumba macho aliiona kona ile, na kila mara jibu lilikuwa moja, kwamba alikosea. Juzi alikuwa amempigia kocha kumwambia baiskeli basi.

Na Oihan, mwanamume aliyempenda miaka minne, alikuwa amebadilika. Alileta supu, alimshika mkono, lakini macho yake hayakutulia usoni pake. Kucha zake zilikuwa na weupe usiotoka, na nguo zake zilinuka dawa kali.

Nje, rafiki yake Ainara, waliyekuwa naye timu moja, alikuwa anamsubiri kwenye gari.

"Yupo?"

"Hayupo. Anasema yupo."

Ainara akaguna. "Shoga yangu, mwanamume anayenuka dawa na kudanganya mchana kweupe ana kitu anakificha. Tena kina nywele ndefu."

"Usinitie presha."

"Sikutii, nakuandaa. Shemeji yangu kaliona gari lake jekundu kule Otsabide, leo na jana."

"Kule juu kuna mwanamke gani?"

"Labda mchunga kondoo. Twende tukamsalimie."

Njia nzima Garazi alikuwa anapanga maneno, anayapangua, na moyo ulikuwa unamuuma kuliko bega.

Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa Kona ya Msalaba. Hapakuwa na mwanamke. Oihan, pande la mtu, alikuwa amepiga magoti barabarani, jasho linamtoka, anaisugua lami kwa brashi ya waya na dawa kali ya kuondolea rangi. Mbele ya magoti yake zilikuwa zimebaki herufi kubwa nyeupe: G, A, R.

Garazi akashuka.

"Nani kaandika hapa?"

Oihan akainuka haraka. "Garazi, rudi garini, magari yanashuka kwa kasi."

"Nimekuuliza kitu."

Oihan akaitazama brashi mkononi mwake.

"Mimi."

Watu wa kule, mashindano yakikaribia, hutoka na ndoo za rangi kuandika majina ya wapenzi wao barabarani. Lakini huandika upande wa kupanda, ambako mpanda baiskeli anakwenda taratibu na roho iko puani, akihitaji kuliona jina lake. Upande wa kushuka haandiki mtu.

"Kule kulijaa," Oihan alisema. "Na mimi nilitaka maandishi yangu uyaone peke yako. Ukishavuka kilele, ukijua umeshinda."

"Hapa nashuka kasi ya gari, Oihan. Nisome saa ngapi? Hapa naona ukingo wa barabara na Mungu, basi."

"Sikujua rangi inateleza ikilowa."

"Utajuaje? Hujawahi kushuka. Miaka yote unasimama kando na mkate wako na soseji, unapiga kelele 'panda, panda'. Sisi tunaoshuka tunajua."

Oihan akaiweka brashi chini.

"Uligundua lini?"

"Siku ileile. Nilikuja na wabeba machela. Niliona alama ya tairi imepita juu ya jina lako."

Hapo Garazi akapandwa na hasira. Si kwa kuanguka, kuanguka alishazoea.

"Nimelia kwako wiki tatu. Nikakwambia nimekwisha, sijui tena kushuka. Ukanifuta machozi kwa mikono hiyohiyo, ukijua sikukosea. Ukaniacha nimpigie kocha."

"Niliogopa utaniacha. Nikasema nifute kwanza, Jumapili vijana wa klabu wanapita hapa, asije akaanguka mwingine. Halafu nitakwambia. Rangi haitoki, kila siku nasugua."

Ainara alikuwa ameegemea gari. "Mimi nimekuja na matusi ya kumpa mwanamke," alisema taratibu. "Sasa sijui niyapeleke wapi."

Hakucheka mtu.

"Baada ya jina langu uliandika nini?" Garazi akauliza.

"Nimeshafuta."

"Ndiyo maana nauliza."

Oihan akainamia lami. "'Tuoane.' Pete ilikuwa mfukoni. Ilikuja na mimi mpaka hospitali, sikuweza kuitoa."

Garazi alimtazama mwanamume yule, magoti yamechubuka, macho mekundu, na bado alimpenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

"Maliza kufuta," akasema, akarudi garini.

Jioni ujumbe uliingia: "Nisamehe." Kesho yake: "Imetoka yote. Lami ni safi." Kesho kutwa: "Najua sistahili jibu. Kula vizuri."

Hakujibu hata mmoja. Lakini alimpigia kocha.

"Sikukosea kona," alimwambia, kisha akamsimulia yote. "Niwekee nafasi yangu."

"Nilishakuwekea," kocha akasema. "Ulidhani nilikuamini?"

Daktari alipomruhusu, alipanda Otsabide peke yake. Mapafu yaliwaka, mapaja yaligoma, na alipofika juu mabonde yote yakiwa chini yake, alilia kwa furaha mbele ya kondoo. Kushuka alishuka mikono ikitetemeka, breki zimeshikwa muda wote. Safari ya pili alitetemeka kidogo. Baada ya hapo akaanza kuzikumbuka kona moja moja, kama mtu anayerudi nyumbani gizani bila kuhitaji taa.

Majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, alimwandikia Oihan.

"Jumapili asubuhi. Panda Otsabide. Kwa baiskeli, siyo gari. Niko juu."

Jibu lilikuja papo hapo. "Garazi, nina kilo zaidi ya mia."

"Nazijua. Baiskeli ya kaka yangu itazibeba."

Jumapili alikaa kwenye ukuta karibu na kilele, baiskeli yake kando, akaangalia chini. Oihan alionekana kona tatu chini yake, anakwenda upogo, amelowa jasho. Wazee wawili wa klabu walimpita wakipiga soga.

"Kijana, miguu ni miwili," mmoja alimwambia. "Tumia yote."

Akaendelea. Hakushuka kusukuma. Kisha Garazi akamwona ameinamisha kichwa, akiangalia lami, na akajua amefika.

Yalikuwa maandishi meupe, upande wa kupanda, neno moja likiwa mbali na jingine.

"Oihan," alisoma kwa sauti, akihema. Akakanyaga, akakanyaga. "Umeniumiza."

Baiskeli ikayumba, akaikamata. Hatua nyingi za jasho zikapita.

"Usinifiche... tena."

Mwinuko ulizidi pale. Alikuwa anakwenda polepole kiasi kwamba hata kondoo wangempita. Garazi akajikuta amesimama, ngumi amezikunja, anapiga kelele alizopigiwa yeye miaka yote. "Panda, panda!"

Oihan akaliona neno la mwisho. Hakulisoma kwa sauti, pumzi hazikubaki. Alifika kwake, akaiangusha baiskeli, akakaa chini barabarani analia kama mtoto, na mkono ukipekua mfuko wa nyuma.

"Limeandikwa 'ndiyo'," alisema hatimaye.

"Najua. Niliandika mimi."

Pete ikaingia kidoleni kwa shida. Kisha Garazi akatoa gazeti, akalikunja, akalisukuma ndani ya fulana ya Oihan kifuani, kama wafanyavyo wapanda baiskeli wote kabla ya kushuka, upepo usimpige jasho likiwa bichi.

"Tunashuka?" Oihan aliuliza kwa woga.

"Tunashuka. Kaa nyuma yangu. Usitazame gurudumu, tazama ninapotazama mimi."

Kona ya Msalaba ilikuja, lami safi, kavu. Garazi aliachia breki, akainama, akatazama kule kona inakoishia. Mikono yake ilitulia.

"Polepole, mke wangu!" sauti ilimfikia kutoka nyuma.

"Bado sijawa mke wako," akajibu, na akacheka kama zamani. "Mbele kuna kona nyingine nne."