Hodi Kwenye Rekodi ya Kambi

Haya yalimpata mama mmoja, Saido, jirani yangu wa mtaa wa Washwood Heath huku ughaibuni, na asije mtu akawaambia nimezua, maana alinisimulia mwenyewe.

Saido alikuwa akisaidia makumbusho ya mtandaoni ya kambi moja ya zamani ya maskauti. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za kale na kuandika kilichomo. Jioni moja ya Desemba, giza limeshaingia mapema kama kawaida ya huku, akaweka rekodi ya usiku wa mvua kambini. Binti yake Samsam, wa miaka saba, alikuwa chumbani. Mtoto yule Kiswahili alikuwa hakitaki kabisa. Ukimsalimia, anakujibu Kizungu.

Mvua ikapiga hema, ta-ta-ta. Kisha sauti ndogo kwenye rekodi ikasema, "Hodi."

Saido, kwa mazoea tu, akajibu, "Karibu."

Mvua ikanyamaza. Mlango wa chumbani ukalia kwiii.

"Samsam?"

"Abee, mama," likaja jibu, Kiswahili laini kabisa.

Saido akacheka. "We, leo umekula nini?"

Hapo mvua ikaanza tena kwenye rekodi, na ndani yake mtoto analia: "Mummy! It's dark! Let me in!"

Siku hizi Samsam ananiamkia, "Shikamoo, bibi," na kina mama msikitini wanamsifu Saido kwa malezi. Saido hata hatabasamu. Kila jioni hufungua rekodi ile ya makumbusho na kusema "Karibu, karibu" mpaka koo linakauka, na kutoka chumbani huambiwa, "Mama, mzime huyo. Nataka kulala."