Kahawa Aliyoikataa Obbo Garoma

Msimu wa kuvuna kahawa ulipoanza, kijito walichotumia akina Bontu kilibadilika. Maji yakawa meusi, machachu, yananuka uvundo. Bontu aliyachuja kwa kitambaa, akayachemsha, akayachemsha tena. Bado mwanawe Jaleta alishika tumbo na kulia, na ngozi ikamwasha mpaka akajikuna damu.

"Jamani, nakosea wapi?" alimuuliza Daktari Hawi, mtafiti wa maji aliyekuja kupima kijito.

"Hukosei, dada. Kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini huu ni uchafu wa maganda ya kahawa, unatoka kiwandani kule juu. Hauondoki kwa moto."

"Ala! Kumbe kuni zangu zinateketea bure!"

"Kuchemsha usiache. Ila sheria inasema anayechafua maji ndiye ayasafishe. Na wewe una haki ya kumshtaki."

Bontu alipandwa na hasira. Mtu anatajirika, mtoto wake anaumwa! Akaenda na majirani mpaka ofisi ya wilaya. Wakubwa wakaja kijijini, pamoja na Daktari Hawi na mwenye kiwanda, Bwana Garoma, au Obbo Garoma kama wanavyomwita kwa heshima.

"Maji hayana neno," alisema Garoma. "Wanawake hawa wavivu tu wa kuchemsha."

Bontu aliwasha moto. Alikaanga kahawa, akaitwanga, akaipika kwa maji ya kijito, akammiminia Garoma wa kwanza. Kwao mgeni hakatai kahawa. Garoma alinusa kikombe, akakiweka chini.

"Kunywa, baba. Nimeyachemsha."

Watu wakaangua kicheko. Garoma akainama. "Basi, mwakani nitachimba mashimo ya majitaka."

"Mwakani!" Daktari Hawi alifoka, akawageukia wakubwa. "Miaka yote nawaletea ripoti za viwanda kama hiki, mnazifungia kabatini. Huyu leo ameona haya, kesho atasahau. Hatutaki ahadi, tunataka amri! Bila mashimo, hakuna kibali. Na maji yapimwe kila msimu, majibu yasomwe sokoni, kila mtu asikie."

Wakubwa walinong'onezana, wakakubali. Mashine zikafungwa siku ileile. Garoma alichimba mashimo mbio mbio, kahawa yake isije ikaoza. Polepole maji yakatakata, na Jaleta akapona.

Baadaye akaja tajiri mwingine na lori la mashine mpya za kahawa. Hata hajashuka, Bontu alishasimama mbele ya lori, mikono kiunoni.

"Karibu, baba. Shimo la majitaka umelichimba wapi?"